Kuchagua Chipseti: Uzoefu Wangu wa Kuunda Kompyuta za Mezani

Wateja wengi wanaoniomba niwaundie kompyuta ya mezani huja wakiwa wamekwisha kuchagua prosesa na kadi ya michoro, na wengine hata rangi ya taa za feni wanaijua, kinachobaki ni mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, na hapo husema, "Fundi, weka yoyote tu inayoingiliana." Kazi hii ninaifanya hapa Dar es Salaam, nikinunua vifaa Kariakoo na kuagiza vingine Dubai kupitia wafanyabiashara wanaosafiri mara kwa mara, na nimezoea kulijibu ombi hilo kwa swali: baada ya miaka mitatu utataka kuongeza nini ndani ya kasha hili? Jibu lake ndilo linaloniongoza kwenye chipseti, ile chipu ya bodi inayosimamia mawasiliano ya vifaa vilivyochomekwa, na chipseti ndiyo inayonipunguzia orodha ya bodi hadi zikabaki chache ninazoweza kuzichunguza moja moja.

Inafaa kueleza kwanza chipseti imebaki na kazi gani, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa ndiyo inayoipa kompyuta kasi. Zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Bodi zilikuwa na chipu mbili: ya kwanza ilikaa karibu na prosesa na kusimamia RAM (kumbukumbu ya muda) na kadi ya michoro, na ya pili ilisimamia diski, USB, sauti na vifaa vingine vya pembeni, hivyo chipu ya kwanza ikiwa dhaifu mashine nzima ilisikika kuwa dhaifu. AMD, mtengenezaji wa prosesa anayeshindana na Intel, ilipotoa prosesa ya Athlon 64 mwaka 2003 iliihamishia kazi ya kusimamia RAM ndani ya prosesa yenyewe, Intel ikafanya vivyo hivyo mwaka 2008 katika kizazi cha kwanza cha Core i7, na kuanzia mwaka 2009 bodi za kawaida za Intel zikaanza kuja na chipu moja tu. Leo RAM na kadi ya michoro huunganishwa na prosesa moja kwa moja, na chipseti imebakiwa na matundu ya SATA (ya kuunganishia diski kwa waya), sehemu kubwa ya USB, mtandao, sauti, na baadhi ya matundu ya PCIe (ya kuchomekea kadi) na M.2 (ya kuchomekea SSD, diski za kasi zisizozunguka). Vyote hivyo hupitia kiungo kimoja kuifikia prosesa, kama magari ya Kigamboni yalivyokuwa yakisubiri kivuko kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016: kila gari peke yake lina mwendo, lakini yote yanakutana ukingoni.

Kwa hiyo prosesa ya i5-12400 niliyoifunga kwenye bodi ya H610, chipseti ya ngazi ya chini, na nyingine ya aina hiyohiyo niliyoifunga kwenye bodi ya Z690, ya ngazi ya juu, hufungua faili la Excel kwa muda ambao mtumiaji hawezi kuutofautisha. Anayeuziwa chipseti ya juu kwa kuahidiwa kasi anauziwa maneno. Tofauti hujitokeza siku anapotaka kuongeza SSD ya pili, kadi ya kunasa video, RAM nyingine, au prosesa ya kizazi kinachofuata, na siku hiyo huwa amekwisha kumaliza fedha.

Majina yenyewe si magumu yakizoeleka. Kwa Intel, H yenye tarakimu za mwisho 10, kama H510, H610 au H810, ndiyo ngazi ya chini. B ni ya katikati. Z ni ya juu. Na Q hutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za maofisini. Kwa AMD, A ni ya chini, B ya katikati na X ya juu. Tofauti moja inayotajwa sana ni ruhusa ya kuipandisha prosesa kasi kupita kiwango cha kiwandani: Intel huitoa kwenye Z pekee, na hata hapo kwa prosesa zenye herufi K, ilhali AMD huitoa karibu kwenye B na X zote. Mimi huipa ruhusa hiyo uzito mdogo. Chumba cha kazi kisicho na kiyoyozi, mwezi wa pili, hapa mjini, kinaipa prosesa joto la kutosha bila sisi kuiongezea, na fedha ya kununulia Z pamoja na kipozeo kikubwa karibu kila mara ina mahali pengine pa kwenda. Ninayoipa uzito ni RAM. H610 hukupa matundu mawili tu ya RAM na haikubali kuivusha kasi ya kawaida, wakati B660 na B760 zinaruhusu, na bodi nyingi za chipseti hizo zina matundu manne.

Kisa kilichonithibitishia thamani ya ngazi ya katikati ni cha dada mmoja wa Sinza anayepiga na kuhariri video za harusi. Shughuli moja humletea picha za send-off, za kanisani au msikitini, na za ukumbini usiku kucha, zote za 4K kutoka kamera mbili au tatu. Alikuja na karatasi ya makadirio kutoka dukani: Core i7-12700, RAM ya kutosha, SSD moja ya terabaiti moja, na bodi ya H610.

"Kaka, wameniambia i7 ni i7," akasema. "Bodi haina maneno."

Nikamwomba anionyeshe anavyopanga mafaili yake. Alikuwa na diski tatu za nje zilizoning'inia kwenye kompyuta mpakato, moja ya kazi inayoendelea, moja ya kazi zilizokwisha, na ya tatu ya nakala za akiba. Hapo hesabu ikawa wazi. Prosesa za soketi ya LGA1700 (soketi ni kiti cha prosesa kwenye bodi, na i7 hiyo ni ya kiti hicho) zina njia 16 za kupitishia data za PCIe 5.0 (namba ni toleo, na kubwa ndiyo ya kasi zaidi) kwa ajili ya kadi ya michoro na njia 4 za PCIe 4.0 kwa ajili ya SSD, lakini chipseti ya H610 hairuhusu hizo njia nne zitumike. Tundu la M.2 la bodi hiyo hutegemea njia za chipseti, nazo zote ni za PCIe 3.0. SSD inayoweza kusoma karibu megabaiti 7,000 kwa sekunde ingelazimika kuridhika na takriban 3,500, na bodi nyingi za H610 zina tundu moja tu la M.2 la kuwekea diski. B760 inaziachia njia nne za prosesa, kisha yenyewe inaongeza njia 10 za PCIe 4.0 na 4 za PCIe 3.0, na ndiyo maana ni jambo la kawaida kukuta bodi ya B760 yenye matundu mawili au matatu ya M.2 pamoja na SATA nne.

Tulishuka kutoka i7 hiyo hadi i5-13500 ili fedha itoshe bodi ya B760 yenye matundu matatu. Wengine waliona nimemshushia hadhi mteja, ingawa i5 hiyo ina koa (viini vya kuchakata ndani ya prosesa) 14 dhidi ya 12 za i7 ile, na sehemu yake ya michoro ya ndani inaweza kuzifungua video za HEVC za 4:2:2 (aina ya ufinyazo unaohifadhi rangi nyingi) zinazotoka kwenye kamera za siku hizi, kazi ambayo kadi nyingi za michoro za wakati ule hazikuiweza. Kwa sababu hiyohiyo nilimwonya asije akabadilishiwa prosesa yenye herufi F, ambayo haina michoro ya ndani hata kama bodi ina tundu la HDMI mgongoni. Mwanzoni alikuwa na SSD mbili. Ya tatu ameiongeza baadaye kwa bisibisi yake mwenyewe, bila kunipigia simu.

Katika kazi ile nilimfundisha pia jambo ambalo sasa ninamfundisha kila mteja mwenye subira, nalo ni kusoma mwongozo wa bodi kabla ya kulipa. Watengenezaji wote wakubwa huuweka mtandaoni bure, na baadhi ya miongozo ina mchoro unaoonyesha ni tundu lipi linatoka kwenye prosesa na lipi linatoka kwenye chipseti. Palipo na maandishi madogo ndipo pa kukazia macho. Utakuta imeandikwa kwamba ukijaza tundu la pili la M.2, matundu mawili ya SATA yanazimika. Au kwamba tundu refu la chini, lenye umbo sawasawa na la kadi ya michoro, ndani yake lina njia nne tu, pengine moja. Chipseti hueleza kikomo cha juu cha kinachowezekana, na mtengenezaji wa bodi ana hiari ya kutoa pungufu ya hapo ili bei ishuke. Nimewahi kulinganisha bodi mbili za B660 zilizokuwa kwenye kabati moja la duka, moja ikiwa na tundu moja la M.2 na nyingine matatu, na muuzaji akaziita zote "B660 hiyohiyo".

Nisije nikaonekana ninaichukia H610. Shule moja ya Kibaha ilipotaka maabara ya kompyuta, nilipendekeza H610 na Core i3-12100 bila kusita. Kila mashine ingekuwa na SSD moja na michoro ya ndani, na hakuna mwanafunzi ambaye angekuja kuongeza kadi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshauriwa na mtu kununua B660 "ili zidumu," nami nikamwambia, "Mzee, kinachoua mashine za shule ni umeme na vumbi, chipseti haina kinga ya chochote kati ya hivyo." Tofauti ya bei ikanunua UPS na pawa saplai za akiba, pamoja na bodi moja ya ziada ya aina ileile ya kukaa kabatini. Mashine zote zikiwa na bodi moja, nakala moja ya mfumo hutosha kuzirudisha zote kazini, na hilo kwa shule lina faida kuliko tundu la M.2 ambalo halitaguswa kamwe.

Upande wa AMD ndio ulionifundisha zaidi kuhusu umri wa bodi. Soketi ya AM4 ilipata prosesa za Ryzen mwaka 2017 pamoja na chipseti za X370, B350 na A320. Zikafuata X470 na B450 mwaka 2018, X570 mwaka 2019, kisha B550 na A520 mwaka 2020. Nilifunga bodi nyingi za B450 kwa wateja wa bajeti ya kati, wengi wao wakiwa na Ryzen 5 2600. Mwezi wa tano mwaka 2020 AMD ikatangaza kwamba prosesa za kizazi kilichokuwa kinakuja, Ryzen 5000, hazitafanya kazi kwenye chipseti za mfululizo wa 400. Wanunuzi wakapiga kelele dunia nzima, na katika mwezi uleule kampuni ikabadili uamuzi. Mwaka 2022 hata bodi za mfululizo wa 300 zikaruhusiwa. Mteja aliyenunua B450 pamoja na prosesa ya koa sita ya mwaka 2018 aliweza, miaka minne baadaye, kuweka Ryzen 5 5600 au hata 5800X3D bila kubadilisha bodi wala RAM. Kwetu, ambapo mtu huboresha mashine kwa awamu kadiri mshahara unavyoruhusu, hiyo si faida ndogo.

Lakini ruhusa ya kampuni haitoshi mpaka BIOS ya bodi, programu ndogo inayoiwasha, isasishwe. Bodi nyingi za zamani za AM4 zilikuwa na chipu ya BIOS ya megabaiti 16, na orodha ya prosesa ilipozidi kuwa ndefu baadhi ya watengenezaji walilazimika kuziondoa prosesa za mwanzo ili mpya zienee. Ikitokea ukaweka BIOS mpya kabla ya kuwa na prosesa mpya mkononi, unaweza kubaki na bodi isiyoitambua prosesa yako ya zamani. Kisha kuna suala la umeme: BIOS inapoandikwa, umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena. Sigusi BIOS ya mteja bila UPS, na sigusi kabisa jioni ya mvua. Kwa sababu hizo, kati ya bodi mbili za bei inayokaribiana, mimi huchukua ile yenye kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa kuwapo. Kitufe hicho kimenitoa mahali pagumu zaidi ya mara moja, hasa bodi ilipofika kutoka Dubai ikiwa na BIOS ya zamani kuliko prosesa iliyosafiri nayo.

Namba za prosesa nazo zina mitego. Ryzen 5 3400G ina jina la mfululizo wa 3000, lakini ndani yake ni usanifu wa kizazi kilichotangulia, na bodi za B550 haziiungi mkono, ingawa zinaiunga mkono Ryzen 5 3600. Intel nayo ina wa kwake. Soketi ya LGA1151 ilitumika kwa kizazi cha 6 na cha 7 pamoja na chipseti za mifululizo ya 100 na 200, kisha ikatumika tena, ikiwa na idadi ileile ya sehemu za kugusana, kwa kizazi cha 8 na cha 9 pamoja na chipseti za mfululizo wa 300. Mzee mmoja mwenye ofisi ya uchapaji aliniletea i5-8400 aliyoinunua kwa bei nzuri na bodi ya H110. Prosesa ilikaa kwenye soketi bila shida yoyote, kila kitu kikaonekana sawa, na skrini ikabaki nyeusi. Ilibidi nimweleze kwamba muuzaji hakumdanganya kuhusu soketi. Alinyamaza tu kuhusu chipseti. Hali kama hiyo ilijirudia kwenye LGA1200, ambako H410 na B460 ziliachwa nje ya orodha rasmi ya prosesa za kizazi cha 11, na wanaozinunua kama mtumba wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuota i7-11700.

X570 nimeikwepa kwa sababu ambayo haimo katika majedwali ya ulinganisho. Ilikuwa chipseti ya kwanza ya kompyuta za kawaida kutoa PCIe 4.0 kwenye njia zake zote, ikapata joto, na karibu bodi zote za mwanzo zikawekewa feni ndogo juu yake. Feni ya ukubwa huo katika nyumba ya Mbezi Beach au Kigamboni, yenye upepo wa chumvi na vumbi la barabara isiyo na lami, itaanza kulia kabla mwenye mashine hajamaliza kulipa deni lake, na kuipata feni ya kubadilishia ni mtihani. B550 iliyokuja mwaka mmoja baadaye ilibakiza PCIe 4.0 pale inapohitajika, yaani kwenye kadi ya michoro na SSD ya kwanza, huku njia za chipseti zikiwa za 3.0 na juu yake kipande cha alumini kisicho na feni. Kwa mazingira yetu B550 ndiyo iliyokuwa bodi bora ya AM4, na bado huipendekeza kwa anayejenga kwa vifaa vya mkono wa pili.

Tofauti ya PCIe 3.0 na 4.0 huonekana kuwa ya makaratasi mpaka ukutane na kadi kama Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022. Kadi hiyo ya bei nafuu hutumia njia nne tu badala ya 16. Kwenye B550 yenye prosesa ya PCIe 4.0 njia hizo nne zinatosha kwa kiasi. Kwenye B450 au A520, ambazo huishia 3.0, upana unapungua nusu, na kwa kuwa kadi yenyewe ina gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, michezo inayozijaza huanza kukwama. Inachekesha kwamba kadi iliyolengwa kwa watu wa bajeti ndogo ilikuwa inadai chipseti ambayo watu wa bajeti ndogo hawakuwa nayo. Tangu hapo, mteja mwenye A520 akiniuliza kuhusu kadi ya bei rahisi, ninaangalia kwanza idadi ya njia zake, na gigabaiti zake baadaye.

Soko letu lina tabaka jingine ambalo majedwali ya nje hayaligusi. Hadi leo madukani kuna bodi mpya, ndani ya maboksi yanayong'aa, za H61 na H81. H61 ni ya mwaka 2011: haina USB 3.0 ya kwake, na SATA yake ni ya gigabiti 3, hivyo SSD ya kawaida inafanya kazi kwa nusu ya uwezo wake. H81, ya mwaka 2013, inatoa SATA mbili za gigabiti 6 na USB 3.0 mbili. Kama fundi ana mashine ya zamani ya kufufua, bodi hizo zina kazi yake. Kama mteja anajenga upya, humwambia azipite.

Kuna kundi la bodi za kutengenezwa upya kutoka China zenye maandishi ya X99, chipseti ya Intel ya ngazi ya juu, zinazotumia prosesa za Xeon zilizoondolewa kwenye seva. Kijana anayetengeneza midundo ya muziki alinijia na moja. Kasi haikuwa tatizo lake. Tatizo lilikuwa kwamba kadi yake ya sauti ya USB, kibodi ya MIDI na diski ya nje havikuelewana vikiwa vimechomekwa pamoja, kila mara kimoja kikidondoka katikati ya kurekodi. Niliifungua programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure, nikasoma sehemu ya bodi, na pale palipotakiwa kuandikwa X99 paliandikwa H81. Prosesa ilikuwa inafanya kazi vizuri, RAM ilikuwa inafanya kazi vizuri, kwa kuwa vyote viwili haviitegemei chipseti. Vilivyoitegemea, yaani USB na SATA, ndivyo vilivyobanana. Tuliongeza kadi ya USB kwenye tundu la PCIe lililounganishwa na prosesa moja kwa moja, na vifaa vyake vikatulia. Kila bodi ya mtumba inayopita mikononi mwangu sasa husomwa kwa programu hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maandishi ya juu yaseme yatakavyo.

Mashine za maofisini zilizotumika Ulaya, OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP zinazojaa kwenye maduka yetu, ni mada nyingine, ila nizigusie kwa sababu ya Windows. Microsoft ilikoma kuiunga mkono Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel orodha ya prosesa za Windows 11 kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo OptiPlex 7050 yenye chipseti ya Q270 na OptiPlex 7060 yenye Q370 zinaweza kukaa kwenye rafu moja, zikifanana kwa kasha na kupishana kidogo kwa bei, na moja tu, ile ya Q370, ndiyo iliyo ndani ya orodha. Zaidi ya hapo, bodi zake na pawa saplai zake zina umbo la mtengenezaji, hivyo hakuna ndoto ya kubadilisha chipseti baadaye ndani ya kasha lilelile.

Kitu ambacho jina la chipseti halikuambii hata kidogo ni jinsi bodi inavyoilisha prosesa umeme. Saketi zinazozunguka soketi, zile zenye vipande vya alumini juu yake, zinatofautiana mno kati ya bodi mbili za chipseti moja. Ryzen 9 5950X huruhusiwa kuvuta hadi wati 142. Bodi ya B450 ya bei ya chini isiyo na alumini yoyote juu ya saketi hizo itaiwasha, lakini baada ya nusu saa ya kutoa video itaanza kuipunguza kasi ili isiungue. Kuna wakati A520 yenye saketi nzuri hufaa kuliko B550 ya kubahatisha. Ubaya ni kwamba mtengenezaji anaweza kubadilisha saketi hizo katikati ya uzalishaji na kuliacha jina vilevile, akiandika tu namba ndogo ya toleo pembeni ya bodi na kwenye lebo ya kisanduku, hivyo uhakiki uliousoma wa toleo la kwanza unaweza usihusu bodi uliyoshika.

Kwa sasa wateja wangu wapya nawagawa kwa soketi. Anayetaka nafuu na ana RAM za DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, mkononi, LGA1700 bado inampa bodi za DDR4, mradi asome jina la bodi mpaka mwisho, maana B760 huuzwa kwa DDR4 na kwa DDR5 na RAM hizo haziingiliani. Anayetaka bodi itakayopokea prosesa nyingine baadaye, naelekea AM5, iliyoanza mwaka 2022 kwa DDR5 pekee, na ambayo AMD imesema itaendelea kuiunga mkono hadi 2027 na kuendelea.

Hivi karibuni nilikaa na msanifu majengo wa Mikocheni juu ya jambo hilo. Alikuwa na Ryzen 7 9700X akilini na majina matatu kwenye simu yake: B840, B850 na X870. Kwa kusoma majina, mtu angedhani B840 na B850 zinapishana hatua moja ndogo. Kumbe B840 haina ruhusa ya kuipandisha prosesa kasi, na njia za chipseti yake ni za PCIe 3.0, hivyo imekaa karibu na A520 ya zamani kuliko ilivyokaa karibu na B850. X870 inadai lazima iwe na USB4 ya gigabiti 40, na katika baadhi ya bodi zake USB4 hiyo inagawana njia na tundu la pili la M.2. Nikamuuliza kama ana kifaa chochote cha USB4, au anatarajia kukinunua. Hakuwa nacho. Tukachukua B850 yenye matundu matatu ya M.2, na tofauti ya bei ikaingia kwenye RAM: vipande viwili vya gigabaiti 32 badala ya vinne vya 16, kwa sababu DDR5 ikijazwa matundu yote manne hushuka kasi.

Bodi yenyewe haikupatikana Kariakoo katika toleo tulilolitaka, kwa hiyo nimeiagiza Bur Dubai kwa mfanyabiashara niliyemzoea. Nimemwomba anitumie picha ya lebo ya kisanduku, namba ya toleo ikionekana, kabla hajalipa.